Mfalme John na Hati Isiyotajwa

Wengi hudhani ya kuwa King John, mchezo wa Shakespeare uliopigwa chapa mwaka 1623, wasimulia jinsi mamlaka ya Uingereza yalivyoanza kumtoka mfalme. Sivyo.

Uzuri wake twaukiri. Hubert aagizwapo kumpofusha mtoto Arthur kwa vyuma vya moto, kisha akashindwa na maneno ya mtoto yule, moyo wa msomaji hutetemeka. Walakini wakuu wa mchezoni humwasi mfalme kwa sababu ya kifo cha Arthur. Wale wa kweli walimwasi kwa kodi na hukumu za dhuluma, na mwaka 1215, huko Runnymede kando ya mto Thames, wakamlazimisha kuitia muhuri Hati Kuu. Hati hiyo haitajwi mchezoni hata mara moja.

Kasoro hii twaiona kubwa. Mchezoni mfalme hufa kwa sumu, mwanawe akarithi. Kana kwamba dawa ya mfalme mbaya ni kungoja mfalme mwema. Hati ilifundisha neno jingine: kwamba kodi fulani zisitozwe bila shauri la nchi. Mbegu hiyo ilikua polepole. Charles wa Kwanza alitoza bila idhini ya Bunge. Vita vikazuka, naye akakatwa kichwa mwaka 1649. Sheria ya mwaka 1689 ikakata shauri: kumtoza mtu kwa amri ya mfalme, bila Bunge, ni haramu.

Basi asomaye mchezo huu na amlilie Arthur. Lakini aikumbuke na hati, kwa maana mfalme aombaye fedha hana budi kusikiliza.