Kabla ya Kuisifu Bendi ya Salsa

Siku hizi bendi ikiwa na tarumbeta mbili, mwimbaji mwenye shati la mauamaua na mpiga tumba anayevuja jasho, basi imeshafaulu. Waandishi wa kurasa za burudani wataiita moto wa kuotea mbali, mshereheshaji atatangaza kwamba leo Havana imehamia ukumbini, na kamati za harusi zitaanza kuulizana namba ya simu ya kiongozi wake. Wanaosifu hawadanganyi kwa makusudi. Wanasikia kelele ya furaha na wanaiita salsa. Lakini muziki huu una vigezo vyake, vilivyotangulia santuri na vitakavyodumu baada ya simu za mkononi, na bendi nyingi zinazopigiwa makofi zinaanguka ndani ya kiitikio cha kwanza, mbele ya watu ambao hawakuambiwa wasikilize nini.

Kosa la kwanza linatokana na masikio tuliyolelewa nayo. Sisi ni watoto wa sebene. Katika rumba ya Kongo wimbo huanza taratibu, mwimbaji anabembeleza, kisha magitaa yanafunguka na mambo yanabadilika. Hapo ndipo viti vinaposukumwa pembeni. Tukiletewa salsa tunangoja ichemke vivyo hivyo, na bendi za mjini zimeshatusoma: zinakimbiza mwendo katikati ya wimbo, ukumbi unalipuka, sifa zinaandikwa. Son ya Kuba, mama wa salsa, haichemki hivyo. Montuno, yaani sehemu ya majibizano ya mwimbaji na waitikiaji, ikiingia, mwendo unabaki pale pale. Kinachoongezeka ni uzito. Mpiga bongo anaziweka ngoma zake pembeni na kuokota kengele. Mpiga timbali anaacha kugonga ubavu wa ngoma na kuhamia kengele yake. Kiitikio kilichokuwa kirefu kinakatwa nusu, mwimbaji anabaki na nafasi finyu ya kubuni maneno. Tromboni zinashika kijineno kimoja na kukirudia, tarumbeta zinapandisha kingine juu yake. Arsenio Rodríguez, yule kipofu wa Kuba aliyeongeza piano, tumba na tarumbeta zaidi katika kundi la son karibu na mwaka 1940, alijulikana kwa mwendo wa pole kuliko wenzake, na wachezaji wa vilabu vya watu weusi mjini Havana walimfuata kwa sababu hiyo hiyo. Bendi inayoongeza kasi pale inapotakiwa kuongeza uzito ni bendi iliyoishiwa.

Lakini hilo hata mgeni anaweza kulizoea akisikiliza diski kumi nzuri. Kitu ambacho mgeni hakioni kamwe ni klave. Siyo kwamba hajawahi kusikia jina lake. Analijua, na analitaja kwa mbwembwe, akidhani ni vile vijiti viwili vya mti mgumu. Vijiti ni ukumbusho tu. Bendi inaweza kupiga usiku kucha bila kijiti hata kimoja, na klave ikawamo katika kila kidole cha mpiga piano. Nayo bendi nyingine inaweza kumsimamisha kijana mbele ya maikrofoni agonge vijiti kwa bidii yote, huku wenzake wako upande usio wao. Klave yenyewe ni mapigo matano, yaliyogawanywa katika vipande viwili vya hesabu nne nne. Kipande kimoja kina mapigo matatu: la kwanza linatua juu ya hesabu ya kwanza, la pili linaingia katikati ya hesabu ya pili na ya tatu, la tatu linatua kwenye ya nne. Kipande cha pili kina mawili tu, kwenye hesabu ya pili na ya tatu, kisha kimya. Upande wa tatu unavuta, upande wa mbili unajibu. Kila ala inatakiwa kujua muda wote iko upande gani. Piano ikiwa upande wa mbili hugusa hesabu ya kwanza waziwazi. Ikiwa upande wa tatu hujiegemeza katikati ya hesabu. Ubavu wa timbali una upande. Michomo ya tarumbeta ina upande. Maneno ya waitikiaji, hasa silabi zile nzito, yana upande.

Uharibifu unaanzia kwenye kupunguza na kuunga. Klave ikishaanza haisimami wala haigeuki. Nyimbo ndizo zinazogeuka juu yake. Mtunzi hodari akitaka kiitikio kianzie upande wa mbili wakati ubeti ulianzia upande wa tatu, anaandika ubeti wa vipande vya witiri, tuseme saba badala ya vinane, na ule upungufu wa kipande kimoja unampeleka anakotaka bila mchezaji kujikwaa. Sasa chukua bendi ya harusi inayounga nyimbo sita mfululizo ili bibi harusi asipumzike. Kiongozi anakata kipande hapa, anaruka kipande pale, kwa sababu kwake kipande ni kipande. Wimbo wa pili unaingia ukiwa umegeuka. Mpiga timbali, ambaye hajaambiwa kitu, anaendelea alikokuwa. Piano imefuata wimbo mpya. Waitikiaji wamefuata piano. Kuanzia hapo bendi imegawanyika mapande mawili yanayocheza kwa pamoja, na hakuna noti hata moja iliyokosewa. Ndiyo maana kosa hili linapita bila kuonekana: ukizichukua ala moja moja, zote ziko sahihi. Madijei wanalitenda kila wikendi, wanapounganisha diski mbili kwa kulinganisha mwendo na hesabu ya nne, wakiamini kazi imekwisha.

Kipimo chake hakihitaji elimu ya noti. Kiitikio kikianza, piga klave kwa ncha za vidole juu ya goti. Kama maneno ya waitikiaji na michomo ya ala za kupuliza inaangukia juu ya vidole vyako, au inajipanga kandokando yake kwa utaratibu ule ule kila inaporudi, endelea kunywa kinywaji chako. Kama kila baada ya muda mfupi unahisi kuna mtu amekushika shati kwa nyuma, anza upya ukiwa umegeuza pande. Ikikaa sawa, ulikosea wewe. Lakini ikikaa sawa na waitikiaji na kugombana na timbali, umeshapata jibu lako, na jibu hilo halitabadilishwa na shati la mauamaua.

Walioujenga muziki huu walilijali jambo hili kuliko sauti nzuri. Mario Bauzá, Mkuba aliyepiga tarumbeta katika bendi za Chick Webb na Cab Calloway mjini New York kabla ya kuwa mkurugenzi wa muziki wa bendi ya Machito, alikuwa na wapulizaji waliosoma noti kama gazeti lakini hawakuwa na habari kwamba kipande kina upande. Ilibidi wafundishwe. Tunda lake ni "Tanga" ya mwaka 1943, jazi iliyokaa juu ya klave badala ya kuwekewa ngoma za Kuba pembeni kama pambo. Bauzá ndiye husifiwa kwa kueneza lugha ya kutaja pande, tatu kwa mbili au mbili kwa tatu, ambayo wanamuziki wanaitumia mpaka leo. Upande mwingine walikuwapo wachuuzi. Xavier Cugat aliongoza bendi katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini humo humo, akiwa na kijibwa cha chihuahua mkononi, akiwauzia matajiri muziki wa Kilatini uliochujwa ili usiwapalie. Cugat angalau alijua anauza nini. Walaghai wa leo wanabeba tarumbeta jukwaani, wanazielekeza angani kwa wakati unaofaa, na sauti inatoka kwenye kompyuta iliyofichwa nyuma ya spika. Utawatambua kirahisi: mpulizaji asiyevuta pumzi kati ya mchomo mmoja na mwingine hapulizi chochote.

Wapo watakaosema kwamba ukali huu wa pande ni sheria ya New York, na kwamba Wakuba wenyewe hawajifungi hivyo. Hoja hii ina uzito. Los Van Van ya Juan Formell, tangu 1969, na bendi za timba zilizofuata katika miaka ya 1990, zilipindua mengi, na wapo wanamuziki wa Havana wanaowacheka watu wanaohesabu pande kwa vidole. Ila tazama nani anavunja. Malenga aliyetunga maelfu ya beti zenye mizani timilifu akiongeza silabi mahali fulani, tunanyamaza na kuuliza amekusudia nini. Kijana asiyejua mizani akifanya hivyo hivyo, tunamrudishia karatasi yake. Formell alipopindua, ngoma, besi na violini vyote vilipinduka pamoja. Bendi ya harusi haipindui. Inapotea, na kila mmoja anapotelea kwake.

Pingamizi zito zaidi ni mpiga tromboni Willie Colón. Alipotoa diski ya "El Malo" mwaka 1967 alikuwa na miaka 17, na wanamuziki waliomzidi umri walimlaumu kwa kuvuka klave. Hata hivyo vijana wa Bronx walimpenda, na diski zake na mwimbaji Héctor Lavoe zinapigwa mpaka leo. Je, si ushahidi kwamba klave si kitu? Ni ushahidi kwamba sauti ya Lavoe ingeweza kubeba hata makosa, na sauti ya namna hiyo haipatikani kila mtaa. Isitoshe, yule aliyetoa "Siembra" pamoja na Rubén Blades mwaka 1978 hakuwa tena kijana wa kubahatisha. Alijifunza, na diski ile iliuzwa kuliko zote zilizoitangulia mikononi mwake. Anayemtumia Colón wa 1967 kama cheti cha uzembe amuulize kwanza mwimbaji wake kama yeye ni Lavoe.

Halafu kuna wale wanaosema sherehe ni kucheza tu, na wachezaji hawajali. Mguu hauhitaji kujua jina la kinachousumbua. Bendi iliyovuka klave itajaza ukumbi kwa nyimbo mbili, kwa sababu watu wamekuja kufurahi na wamekula vizuri. Ya tatu wanaanza kutazama simu, na lawama inaenda kwenye pilau au kwenye joto.

Mengine niyapitie haraka. Mpiga besi asitue kwenye hesabu ya kwanza. Anatakiwa kuiwahi, aipige kwenye ya nne iliyotangulia na kuiacha ya kwanza wazi. Anayeigonga moja kila kipande ametoka kwenye kwaya na amegeuza salsa kuwa gwaride. Wapiga besi wa New York wa miaka ya 1970 walipenda Ampeg Baby Bass kwa sababu sauti yake ni fupi na nene, inapiga na kutoweka, na tangu hapo hakuna besi ya salsa iliyosikika sawasawa. Tromboni ni bora kuliko tarumbeta. Mpiga piano Eddie Palmieri alilimaliza suala hilo alipounda bendi ya La Perfecta mwaka 1961, na sioni haja ya kulifungua tena. Waitikiaji wawe na sauti ya puani kidogo. Salsa ya mapenzi yenye kinanda cha umeme kinacholia kama kengele za duka la zawadi isipigwe kabla ya saa sita usiku, wala baada yake.

Kinachoudhi ni kwamba masikio ya huku yalikuwa mazuri. Santuri za mfululizo wa GV, zilizoanza kuuzwa Afrika mwaka 1933 na "El Manisero" ya bendi ya Don Azpiazú ikiwa namba moja ya mfululizo huo, zilifundisha kizazi kizima toka Kinshasa hadi pwani yetu. Salum Abdallah pale Morogoro hakuiita bendi yake Cuban Marimba kwa kuokota jina barabarani. Sikiliza tumba zake zinavyojibu gitaa. Na Fania All Stars, kundi la salsa la New York, walipopanda jukwaani Kinshasa Septemba 1974, pamoja na mwimbaji Celia Cruz, wiki chache kabla ya pambano la Ali na Foreman, uwanja uliojaa watu wasiojua Kihispania uliwapokea bila mkalimani. Filamu ipo. Watazame Wakongo wale wanavyosikiliza, kisha fungua kurasa zetu za burudani usome tunachokisifu sasa.

Kwa hiyo, mwenyekiti wa kamati ya harusi, usiombe video. Video haionyeshi mgawanyiko wa pande, inaonyesha mashati. Nenda mazoezini. Waambie mwimbaji na wapulizaji wakapumzike nje, na waliobaki, yaani piano, besi, tumba na kengele, wakupigie montuno moja kwa dakika tano bila kuongeza mwendo. Wakishindwa kukukalisha kitini kwa dakika hizo tano, usiwape hata kishika uchumba.