Neno Dogo Nyuma ya Kitenzi

Mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii yamfaa kila ajifunzaye Kiingereza, maana katika lugha hiyo maneno yamwangushayo msomi si yale marefu. Maneno marefu, ambayo mengi yake yalitoka Kilatini na Kifaransa, hujulikana kuwa ni magumu. Mwalimu huyaandika ubaoni na kamusi huyafafanua. Yanayomwangusha ni vijineno kama "up", "off", "out" na "down", ambavyo kila mtu hudhani alivimaliza katika darasa la kwanza.

Na itazamwe mifano. Mwanafunzi amefundishwa kwamba "put" ni kuweka. Halafu anasoma "The meeting was put off", kumbe maana yake mkutano uliahirishwa. Anasoma "He put out the lamp", kumbe mtu huyo alizima taa; na afasiriye neno kwa neno ataitoa taa nje ikiwa bado inawaka. Anasoma "She puts up with the noise", kumbe mwanamke huyo huzivumilia kelele. Katika sentensi zote tatu kuweka hakumo. Neno dogo halikukieleza kitenzi, bali limekiondoa mahali pake na kuzaa kingine.

Hapo ndipo upungufu wa fasili ya shuleni uonekanapo. Husemwa kwamba kielezi ni neno lielezalo tendo limetendeka vipi, wapi au lini. Fasili hiyo yatosha kwa "He walked slowly", na yatosha pia kwa "He went up", yaani alipanda. Lakini "He ate up the rice" si habari ya kupanda: "up" hapa yasema wali wote uliliwa ukaisha. Na katika "He gave up" hakuna kupanda wala kumaliza wala kutoa. Mtu amekata tamaa. Basi neno ni lile lile, lakini lina ngazi tatu: ya kwanza laonyesha mahali, ya pili lakamilisha tendo, ya tatu laungana na kitenzi hata vyote viwili vikawa jina la jambo jipya. Mwalimu afundishaye ngazi ya kwanza peke yake amemfikisha mwanafunzi mlangoni akamwacha nje.

Mpangilio wa maneno nao una sheria zake, ingawa Mwingereza huzifuata bila kuzifikiri. Husemwa "She looked up the word", na husemwa vile vile "She looked the word up". Maana ni moja, alilitafuta neno katika kamusi. Lakini jina likiachwa na kiwakilishi kikashika nafasi yake, njia hubaki moja tu: "She looked it up". Kwa upande mwingine, "She looked after the child", yaani alimtunza mtoto, haikubali kugeuzwa. "After" haiwezi kuruka nyuma ya mtoto, na hata kwa kiwakilishi husemwa "She looked after him". Sababu ni kwamba "after" ni kihusishi, nacho hufungamana na jina lifuatalo. Lakini "up" ni kielezi, nacho hufungamana na kitenzi hata kikisimama mbali nacho.

Tatizo hili si geni. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kusema kwamba vitenzi vya namna hii huwapa wageni taabu kubwa kabisa. Jina la kitaalamu la vitenzi hivyo lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925. Hata hivyo shule nyingi zimeendelea kuvipa nafasi ya mwisho, kwa kuwa lugha ya ofisi hupenda "postpone", "extinguish" na "tolerate". Matokeo yake ni msomi awezaye kuandika barua ya serikali bila kosa, lakini apoteaye jikoni, sokoni na hospitalini.

Na kupotea hospitalini si jambo la kuchekwa. Daktari wa Uingereza au Marekani akimwambia mgonjwa "cut down on salt", amemtaka apunguze chumvi. Akisema "cut out salt", amemtaka aiache kabisa. Kitenzi ni kimoja, chumvi ni ile ile, tofauti imo katika neno dogo. Ikiwa lizungumzwalo ni dawa badala ya chumvi, mkalimani asiyeitambua tofauti hiyo aweza kumwachisha mgonjwa dawa aliyotakiwa kuipunguza tu.

Hata hivyo haifai Mswahili akiite Kiingereza lugha isiyo na akili. Kiswahili nacho huificha maana mahali padogo, ila huificha katika mkia wa kitenzi. Funga na fungua zatengwa na sauti moja tu. Akimbiaye simba na akimbiliaye simba hawaendi upande mmoja. Na kutupilia mbali ni zaidi ya kutupa. Vile vile mgeni asikiaye kwamba fulani anapiga pasi, amepiga simu, au amekula kiapo, atatafuta kipigo na tonge asivione. Mswahili haoni ajabu kwa sababu hakuyapata maneno hayo moja moja. Aliyapata yakiwa pamoja, vinywani mwa watu.

Hiyo ndiyo njia ifaayo kwa Kiingereza pia. Orodha ndefu ya "up" na "off" ikikaririwa pasipo sentensi hailishi mtu. Na afundishwe mwanafunzi "put off" kama neno moja lenye maana yake, ndani ya sentensi itumikayo, na aonyeshwe mahali pa jina na mahali pa kiwakilishi. Nao watungao kamusi kwa ajili ya Waswahili wazipe jozi hizi mahali pake wazi, zisisongamane mwishoni mwa maelezo ya kitenzi, ambako msomaji huchoka kabla hajazifikia.