Wajibu Usiotamani Matunda: Kuisoma Bhagavad Gita kutoka Kathonzweni

Katika Bhagavad Gita, utenzi wa sura 18 uliomo ndani ya Mahabharata, shujaa Arjuna anaziona nyuso za jamaa zake katika jeshi la adui, naye anakataa kupigana. Krishna, mwendesha gari lake la vita, anamfunza kutenda limpasalo bila kuyatamani matunda yake. Fundisho hili huitwa nishkama karma: karma hutokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kutenda, na nishkama ni "bila tamaa". Gandhi alilifanya kuwa kiini cha tafsiri yake ya Kigujarati iliyotoka mwaka 1930.

Mfasiri wa Kiswahili hukwama hapa. Neno "wajibu", lenye asili ya Kiarabu, huashiria jambo linalomlazimu mtu. "Kujitolea" huonyesha mtu akiitoa nafsi yake mwenyewe. Wajibu waweza kuamriwa, kujitolea hakuamriki. Krishna anayaunganisha mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga. Je, ni nani aliye sahihi?

Jibu laweza kutafutwa Kathonzweni, katika nchi kavu ya Makueni. Huko, kama kwingineko Ukambani, mkulima huchimba mtaro kukingama mteremko, kisha huutupa udongo upande wa juu. Mbinu hiyo imeingia katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza kwa jina lake la Kiswahili, "fanya juu". Tuta halikamiliki kwa siku moja; mvua za miaka mingi ndizo zinazousawazisha mteremko. Kwa hiyo achimbaye huenda asiwe ndiye atakayevuna zaidi.

Katika wilaya ya zamani ya Machakos, ambamo Makueni ilikuwamo hadi 1992, serikali ya kikoloni iliwashurutisha watu kuhifadhi udongo, nao wakaichukia kazi hiyo. Baadaye kazi ile ile ilishika mizizi kwa njia ya mwethya, ushirika wa Wakamba wa kufanya kazi kwa pamoja, ambamo wanawake walikuwa nguzo. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki, uliochapishwa 1994, ulionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko wa udongo ulipungua.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kuuita mwethya nishkama karma. Leo hulimwa kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mmoja anayatamani mazao. Dhana iliyo karibu zaidi ni ile ya sura ya tatu, lokasangraha, yaani kuushikilia ulimwengu usisambaratike. Mwanamwethya haikani faida. Anaipanua hata iwaingize jirani na mjukuu.

Hapa ndipo udhaifu wa Gita unapojitokeza. Utenzi huo huo unasisitiza kwamba ni heri mtu atende wajibu wake mwenyewe vibaya kuliko kutenda wa mwingine vizuri, na sura ya 18 inaugawa wajibu huo kwa matabaka manne. Fungu la Mashudra ni kutumikia. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa waliotengwa na mfumo huo, aliuona utenzi huu kuwa utetezi wa kifalsafa wa matabaka. Hoja yake ni nzito. Kumwambia Arjuna, mwana wa mfalme, asitamani matunda ni kumtakasa. Kumwambia mtumishi maneno hayo hayo ni kumnyang'anya ujira wake. Bwana shamba wa kikoloni naye alihubiri wajibu, wala shamba halikuwa lake.

Basi Kiswahili hakikukosea kuyatenga maneno yale mawili. Fundisho la kazi isiyo na tamaa hubaki tukufu linapotamkwa na yule aliyeshika jembe. Likitamkwa na aliyesimama kando akihesabu matuta, hugeuka kuwa amri tu, na mhakiki hana budi kuuliza kwanza ni nani anayesema.