Pumzi: siri ya ofisini na mche wa Asha

Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ilitoka 2009 na ina dakika ishirini na kitu tu. Wengi huisifu kama filamu ya mazingira. Mimi, kila nikiitazama hapa Chake Chake, naona filamu ya ofisi.

Imepita miaka 35 tangu Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji. Waliosalia Afrika Mashariki wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, katika jamii iitwayo Maitu. Jasho na mkojo vinasafishwa, vinanywewa tena. Umeme unatokana na watu wanaoendesha mitambo kwa nguvu za miili yao. Asha anafanya kazi kwenye makumbusho ya viumbe vilivyotoweka. Siku moja anapokea kisanduku cha udongo kisicho na jina la aliyekituma. Anaupima: una unyevu, hauna mionzi. Kumbe nje kuna uhai! Anaomba ruhusa ya kutoka, Baraza linamjibu kwamba nje kumekufa. Basi. Kisha wanakuja walinzi.

Hapo Kahiu alinishika. Hakuna bosi anayefoka. Watu wanazungumza kupitia skrini kwa sauti za mashine, na anayeota ndoto anaamriwa ameze dawa ya kuizuia. Mwandishi wa habari gani hajawahi kuambiwa "hilo achana nalo" na mtu ambaye hata macho hakuinua? Tofauti ni kwamba kwa siri hii ukoo mzima wa binadamu unaweza kwisha, huku kila mtu akiwahi kazini.

Anayemsaidia Asha kutoroka ni mwanamke anayesafisha bafuni, ambaye Asha aliwahi kumgawia maji yake kidogo. Jina lake hatuambiwi. Wanatazamana tu, na tayari wana siri yao ambayo Baraza halina. Hakuna sehemu bora kuliko hii katika filamu nzima.

Ila kuna jambo linanikera. Maitu ni Kikuyu, maana yake mama, na bado Asha hana mama, hana shangazi, hana hata jirani wa kumnong'oneza. Said Ahmed Mohamed, wa kwetu Pemba, katika Babu Alipofufuka (2001) alimpa yule mkubwa wake fisadi babu anayetoka kuzimu kuja kumsuta. Asha nani amsute, nani amlilie? Kahiu anataka tuogope binadamu kutoweka, lakini hatuonyeshi nyumba hata moja yenye watu.

Ndiyo maana mwisho wake, ambao watu wanaupenda sana, mimi naupenda nusu. Jangwani Asha anapanda mche, anaumwagia maji yake ya mwisho, anaukinga jua kwa mwili wake, anakufa. Mti unakua. Picha nzuri, sikatai. Lakini mche wa mkarafuu huku kwetu hukingwa kwa makuti au kivuli cha mgomba, na hungojewa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Aliyeupanda huenda asiuchume, wakachuma wanawe. Lazima awepo mtu wa kuumwagia maji kesho, na keshokutwa. Kahiu anairuka miaka yote hiyo kwa kuipandisha kamera juu. Na yule mwanamke wa bafuni, ambaye angeweza kubeba chupa ya pili, kaachwa ndani.