Kitako Bapa cha Lyulilo

Waliofika gulio la Lyulilo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Jumamosi iliyopita wameviona: vyungu vya kupikia vyenye kitako bapa, vimeshushwa kwenye mitumbwi kutoka Ikombe na kupangwa mchangani kama masufuria. Midomo imelingana, kuta nyembamba. Ila kitako kile ni kosa, nalisema mapema.

Chungu cha Kikisi, cha Wakisi wafinyanzi wa ufuko huu, hakina kona. Kitako kinapanda kuwa tumbo bila mahali pa kuvunjika, kikikaa mafigani moto unakilamba pande zote na udongo unatanuka sawasawa. Ukikibonyeza kiwe bapa, unazaa kona, na hapo udongo hubaki mnene: unachelewa kukauka, unachelewa kupata moto, huku ukuta wa juu yake umeshatanuka. Pakivutana, ufa unaanzia hapo. Niligeuza kimoja. Konani palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, na kilikuwa hakijaonja maji. Nikakigonga kwa kidole. Kikaitika kwa sauti butu.

Mama aliyevifinyanga alinieleza kuwa mchuuzi wa Mbeya amelalamika, vyungu vinabingirika kwenye sakafu za vigae. Lalamiko la haki, na lilistahili kusikilizwa. Lakini mchuuzi aliposema kitako kibonyezwe, alitoka kwenye shida yake akaingia kwenye kazi ya mwenzake. Kata ya majani makavu ya mgomba ingetosha, au pete ya udongo iliyochomwa peke yake. Na mama alijua! Alikiri kwamba mkono ulimkatalia alipobonyeza cha kwanza, akaendelea kwa sababu oda ilikuwa kubwa.

Kupokea kipya bila kuukana mkono wako kunawezekana. Mfinyanzi Ladi Kwali wa Nigeria aliingia karakana ya Mwingereza Michael Cardew pale Abuja mwaka 1954. Tanuri la moto mkali alilipokea, mng'ao wa kioo aliupokea. Mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono, tumbo duara, mijusi na nge wamechorwa ubavuni. Mfinyanzi Magdalene Odundo wa Kenya alikwenda kujifunza hapohapo miaka ya 1970. Mkono wa namna ile ndio niliotaka kuuona Lyulilo.

Nilinunua chungu kingine, kizima kwa macho. Jioni, Matema, nikakiinjika na samaki wawili, mbasa. Maji hayajachemka, figa moja lilikuwa limelowa na moto wa upande ule umezimika.