Minyororo Chumba Hiki, Nguo Chumba Kile

Waandishi chipukizi wenzangu, anayeota kuandika riwaya ya kihistoria lazima atafika Bagamoyo tu. Mimi nimefika, nikatembelea maonyesho madogo ya nguo na historia. Chumba cha kwanza kilikuwa na minyororo na picha za misafara. Cha pili kilikuwa na kanga, kaniki na kipande cha merikani. Kina mama waliozitunza nguo zile wanastahili heko. Ila nina ugomvi na ule ukuta wa katikati.

Tuanze na merikani. Jina lenyewe linasema ilikotoka. Katika karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa hicho Unguja, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Viwanda vilikuwa kaskazini mwa Marekani, lakini pamba ililimwa kusini, na waliolima ni watumwa wenye asili ya Afrika. Huku kwetu, kutoka pwani hadi Ujiji, nguo ilikuwa ndiyo fedha. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Kwa nguo hiyo msafara ulinunua chakula, ulilipa hongo kwa machifu, ulinunua pembe. Na wapo walionunua watu. Kwa hiyo mnyororo uko ncha zote mbili za kitambaa kile!

Sasa njoo kwenye kanga. Unguja, merikani na kaniki ndizo zilikuwa nguo za watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliziweka kando, wakajifunga kanga za rangi. Jamani, huo ulikuwa uungwana unaovaliwa mchana kweupe! Lakini mgeni wa maonyesho anasikitika chumba cha kwanza, anavuka, anasifia rangi chumba cha pili, anaondoka. Hajui kwamba amesoma kurasa mbili za hadithi moja. Hata maneno ya kanga, yaani jina lake, hayakuelezwa. Kibao kilitaja kitambaa na rangi, basi. Kanga isiyosomwa jina ni barua iliyoachwa kwenye bahasha.

Ninalisema hili kwa sababu ukuta huohuo umo kwenye miswada tunayopeana kusoma. Utumwa unaanza na mnyororo ukurasa wa kwanza, mjeledi ukurasa wa pili, kisha mwandishi kaishiwa. Mnyororo unatisha upesi, kwa hiyo ni rahisi kuuandika. Kazi ngumu ni yule mama wa 1897 dukani, vijisenti mkononi, anachagua doti yake ya kwanza. Achague rangi gani? Nani anamtazama? Kaniki ya zamani ataitupa, au atalalia?

Nendeni mkaone, vyumba vyote viwili. Kisha mtuletee hadithi ya mama huyo.