Wauguzi na Shahada: Kukipima Kitabu cha Marekani

Katika mwaka 2010 wataalamu waliokusanywa na chama kilichoitwa wakati ule Institute of Medicine, huko Marekani, walitoa taarifa kubwa iliyopigwa chapa kuwa kitabu, jina lake The Future of Nursing, yaani mambo yajayo ya kazi ya uuguzi. Mkuu wa baraza lao alikuwa Bibi Donna Shalala. Mashauri yake ni mengi, nasi hatutayapima yote. Twalichukua moja tu, lililosemwa sana kupita mengine: kwamba ifikapo mwaka 2020 wauguzi 80 katika kila 100 wawe na shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Siku zile waliokuwa nayo walikuwa kama nusu.

Msomaji atauliza, Je, hao wengine hawakusoma? Walisoma. Huko kwao ziko njia tatu za kuwa muuguzi aliyeandikishwa. Ya kale ni shule ya hospitali yenyewe, nayo leo imebaki kidogo sana. Ya pili ni chuo kidogo cha miaka miwili, ambacho kilianza kujaribiwa mwaka 1952 kwa fikira za Bibi Mildred Montag, maana baada ya vita wauguzi walikuwa haba. Ya tatu ni chuo kikuu, miaka minne. Lakini watu wa njia zote tatu hufanya mtihani mmoja, na wakifaulu hupewa ruhusa moja ya kazi. Mgonjwa aitaye usiku hajui aliyemjia alipita mlango gani.

Hapo ndipo penye fundo. Mtihani wasema wote watosha. Kitabu chasema wengi wao hawajatosha bado. Wala neno hili si jipya, kwa kuwa chama cha wauguzi wa Marekani kililisema tangu mwaka 1965. Jimbo la North Dakota liliifanya shahada kuwa sharti mwaka 1987, likaliondoa sharti hilo mwaka 2003. New York lilishika njia ya katikati: kwa sheria ya mwaka 2017 muuguzi mpya aweza kuanza kazi bila shahada, walakini imempasa kuipata kabla ya miaka 10 kwisha. Waliokwisha kuwa kazini hawakuguswa.

Kitabu chategemea nini? Hoja yake yenye nguvu yatoka katika uchunguzi wa Bibi Linda Aiken na wenzake, uliotolewa mwaka 2003. Walizitazama hospitali 168 za Pennsylvania, na wagonjwa 232,342 waliopasuliwa. Wakaona ya kuwa kila mahali palipozidi wenye shahada kwa 10 katika 100, hatari ya mgonjwa kufa katika siku 30 ilipungua kwa sehemu 5 katika 100. Mtu asiseme upesi, Hizo ni hospitali kubwa zenye vyombo vizuri. Wachunguzi walilifikiri hilo, wakahesabu na ukubwa wa hospitali, na vyombo vyake, na idadi ya wagonjwa wa kila muuguzi. Sisi twaikubali hoja hii, nayo yatutia hofu, maana ni habari ya watu kufa au kupona.

Walakini kitabu kinaruka hatua moja. Uchunguzi ule uliuliza cheti cha juu alicho nacho muuguzi. Haukuuliza kama alikipata akiwa kijana mwenye siku zake zote, au akiwa mama wa watoto aliyetoka zamu ya saa 12. Na kitabu chawaita hasa hawa wa pili. Njia waliyowekewa ni ya mwaka mmoja au miwili; masomo yao ya kwanza huhesabiwa, na mengi yaliyosalia hufundishwa kwa intaneti. Hujifunza afya ya watu wa mji na vijiji, kusoma taarifa za uchunguzi, hesabu za takwimu, na uongozi.

Wako wanaoyacheka masomo hayo, wakisema hesabu haifungi kidonda. Hapo twakitetea kitabu kwa moyo wote. Wagonjwa watatu wa wodi moja wakishikwa na homa baada ya kupasuliwa, mikono mizuri itawaosha na kuwafunga vema. Lakini ni nani atakayeuliza kwa nini ni watatu, na kwa nini ni wodi ile? Florence Nightingale hakuwa na shahada, ila aliporudi kutoka vita vya Crimea alikaa na daftari akahesabu waliokufa na sababu zake, na hesabu hizo zilisaidia kuyageuza mambo ya afya ya askari.

Lawama yetu ni nyingine. Kitabu chawashauri wenye hospitali walipe ada na kuongeza mshahara wa wasomao. Vema, lakini hilo ni shauri, na muda wa kusoma hautoki katika mfuko wa ada. Kitabu chataka Martha awe Mariamu bila kuondoka jikoni. Sisi walimu tuliosoma usiku baada ya kazi twakumbuka jinsi macho yalivyofumba juu ya ukurasa, na asubuhi madaftari ya watoto yakawa hayajasahihishwa. Daftari lisilosahihishwa halimwui mtoto. Muuguzi aliyechoka aweza kukosea kipimo cha dawa. Mwaka 2020 ulifika, wenye shahada walikuwa wameongezeka, lakini 80 katika 100 hawakutimia, wala sisi hatukustaajabu.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza mwaka 2001 kuwafundisha wauguzi walio kazini katika Kenya, Uganda na Tanzania, ili wasome bila kuacha kazi zao. Twaipenda njia hiyo kuliko kumwondoa mtu kwa miaka mingi, maana zahanati nyingi za vijijini zina muuguzi mmoja au wawili tu. Lakini mwenye hospitali akimpa muuguzi ruhusa ya kwenda darasani, atuambie pia ni nani atakayesimama kitandani pa mgonjwa siku hiyo.